Jumanne Hawasomi Torati

Brownsville, Brooklyn
8 Novemba 1931

Kaka Zalmen,

Nianze kwa kukuomba radhi kwamba nimekaa miezi mitano bila kukuandikia. Nilikasirishwa na ile barua yako ya Mei, sikatai, lakini hasira yenyewe haikufika hata Agosti. Kilichonichelewesha baada ya hapo ni tumbo, kisha kitanda, kisha aibu. Nimejifungua, kaka. Mtoto wa kiume, wa Septemba, mzito, ana kidevu chako. Sikukwambia mapema kwa sababu Mama anasema mimba haitangazwi kwa barua inayopita mikononi mwa watu.

Sasa nikueleze lenye aibu, maana hata nikilizungusha utalisikia kwa mwingine. Nimempa jina la Zalmen.

Najua. Kwetu mtoto hapewi jina la ndugu aliye hai. Hilo nimelijua tangu sijaweza kufunga kamba za viatu. Lakini wewe mwenyewe uliniandikia, na barua ninayo hapa chini ya chupa ya maziwa: "Zalmen Kotlyar amekufa, Freyda, usimwandikie tena. Barua zangu zinafunguliwa na watu wa studio, na kwao mimi ni Vito Marchesi, Mtaliano wa Palermo." Niliisoma mikono ikiwa na povu la kufulia. Nikasema moyoni, haya, kama amekufa, jina liko wazi. Mwanangu Itsik tayari amebeba la marehemu Baba. Asubuhi ya tohara nikamwambia Velvel, naye kwa kuwa ni mume mzuri tena mwoga, akakubali. Wanawake tulikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Rabi akauliza, "Aitwe nani?" Velvel akasema. Hata mtoto akaacha kulia. Ndipo Mama akauliza, kwa sauti ileile anayoulizia samaki sokoni, "Mwanangu amekufa lini, na mbona sikuambiwa?"

Tangu siku hiyo hamtaji mtoto kwa jina. Anamwita "wewe". Anasema Malaika wa Mauti ana kazi nyingi na macho yake yamechoka. Akitumwa kwa Zalmen, atamchukua aliye karibu.

Usidhani nilifanya kwa kukukomoa tu. Miaka mitatu jina hilo halijaitwa humu ndani. Nilitaka niwe na mtu wa kumwita chakula kikiiva.

Picha yako mpya imefika kwenye jumba la sinema la hapa kwetu. Mimi sijaweza kwenda, nina watoto watatu na Mama. Lakini Bwana Lo Presti, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ameitundika sura yako ukutani juu ya kioo. Anamwambia kila anayekaa kitini, "Huyu ni wa kwetu. Binamu yangu anamjua mjomba wake, mchonga mawe. Tazama hilo jicho. Jicho kama hilo halizaliwi kwingine." Velvel alikuwa kitini, povu mpaka puani. Ikabidi aitikie, "Kweli, jicho la Palermo."

Juu ya bahasha nimeandika Bwana V. Marchesi kama ulivyotaka. Ndani ya bahasha ni kwangu, na humu naandika nipendavyo.

Dada yako,
Freyda


Hollywood, California
19 Novemba 1931

Freyda mdogo wangu,

Hongera sana, na pole kwa kazi. Mbusu mtoto, umbusu na Velvel kwa ushujaa wake.

Kwa hiyo nimekufa. Basi hii ni mara ya tisa mwaka huu. Studio imeniua kwa bastola mara nne, kwa bunduki ya rashasha mara tatu, kwa gari mara moja, na wewe umeniua kwa rabi. Ya kwako ndiyo ya kwanza kunipata nikiwa sijajiandaa.

Usijisumbue. Mtoto abaki nalo. Mimi silitumii, na kitu kisichotumika huliwa na nondo. Kama Mama ana hofu ya risasi, mwambie ni baruti tupu, kelele na moshi, hata karatasi haitoboi. Mpigaji wetu, Bwana Haskell, ni mzee mpole anayefuga kuku.

Unaniuliza kila mara kazi yangu ni nini hasa, nami sijawahi kukujibu vizuri. Kazi yangu ni kuanguka. Wapo wanaolipwa kwa kubusu. Mimi nalipwa kwa kuanguka. Siri yake niliipata jumba la maigizo la Kiyidi chetu, Second Avenue, nilipokuwa nachezeshwa wazee wenye ndevu na sina hata umri wa kunyoa. Mtu hafi akiwa anakufa. Anakufa akiwa na jambo jingine la kufanya. Kwa hiyo nikipigwa risasi sishiki kifua kama wengine. Natafuta kifungo cha koti, nakifunga vizuri, kama mtu anayetoka kwenda kazini. Ndipo naanguka. Kwa kifungo hicho nilitoka kuwa "mtu wa tatu ndani ya gari", nikawa jina kubwa juu ya bango.

Nyumba niliyopanga ina vyumba saba. Natumia viwili. Jumapili jirani yangu, Mtaliano mwenye duka la mvinyo, huja langoni na kunisalimu kwa lugha yao, kwa heshima kubwa, mkono kifuani. Mimi siijui. Natabasamu na kutikisa kichwa. Ameshaanza kuwaambia watu kwamba Marchesi ni mtu wa maneno machache.

Usikae tena miezi mitano.

Marehemu wako,
Vito


Brownsville
10 Januari 1932

Kaka Zalmen,

Mtoto anaumwa. Ni mapafu. Siku ya sita leo. Daktari Margolin amekuja mara mbili, anasema tumwekee mvuke na tungoje. Mama amemuumika vikombe mgongoni, mgongo wenyewe hautoshi vikombe vinne. Nimemshika tangu Jumanne. Nakuandikia kwa mkono mmoja, ndiyo maana maandishi yanapanda na kushuka.

Jana rabi alikuja akamwongezea jina. Sasa ni Alter, yaani Mzee, ili Malaika akija kutafuta mtoto aambiwe hapa hakuna mtoto, kuna mzee tu. Gitl wangu, ambaye kwa miaka yake mitano ameshajiona mama, amelipenda. Anainama kitandani na kumwambia, "Mzee, kunywa maziwa. Mzee, usinune."

Lakini Mama anasema hiyo ni nusu ya kazi. Jina la Zalmen bado linaelea hewani, halina mtu, na jina lisilo na mtu lina njaa. Anasema lazima lirudi kwa mwenyewe. Wewe uende sinagogi, usimame mbele ya wanaume kumi, uitwe kwenye usomaji wa Torati kwa jina lako na la baba yako, Zalmen mwana wa Itskhok, nawe uitikie. Basi. Halafu jina litakuwa na miguu yake, na mtoto ataachwa.

Mimi sisemi naamini. Nimesoma madarasa sita, najua mapafu ni mapafu. Nasema tu kwamba Mama hajala tangu Ijumaa, amekaa kwenye kigoda mbele ya kitanda cha mtoto kama askari, na kila hatua ikisikika ngazini anasimama kuziba mlango. Jana alimzibia mtu wa gesi.

Najua studio haitaki. Najua umeweka sahihi. Lakini sikuombi, kaka. Ulilitupa jina, mimi nikaliokota kwa sababu sikuvumilia kuliona chini. Kosa ni langu pia. Sasa njoo ulichukue.

Freyda


Hollywood
21 Januari 1932

Freyda mpenzi,

Imefanyika. Mwambie Mama ale.

Juzi, Jumanne asubuhi, nilikwenda. Sinagogi kubwa, ya marumaru, taa zinaning'inia kama mvua. Watu zaidi ya mia. Nilivaa kofia na shali ya sala niliyoazima. Msomaji akaita kwa sauti ya kutetemesha vioo, "Zalmen mwana wa Itskhok!" Wote wakageuka. Nikapanda ngazi polepole. Nikasoma baraka bila kukosea hata neno. Nikishuka mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alinishika mkono, machozi yanamtoka, akaniambia, "Karibu nyumbani."

Basi liko kwangu sasa, jina lote. Mtoto aachwe apumue. Nitumie telegramu mara tu homa ikishuka. Nimemwambia msichana wa simu wa studio kwamba nangoja habari za farasi wa mashindano, kwa hiyo wewe andika tu "Farasi mzima".

Kaka yako


Brownsville
31 Januari 1932

Kaka,

Nilimsomea Mama barua yako kwa sauti. Alikuwa anaparua karoti. Nilipofika kwenye mzee mwenye machozi aliweka kisu chini.

"Rudia," akasema. "Siku gani?"

"Jumanne, Mama."

"Jumanne."

"Ndivyo alivyoandika."

"Torati inasomwa Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi," akasema. "Hata farasi wa baba yako alijua, maana siku hizo alicheleweshewa nyasi. Jumanne hawasomi Torati Kiev, hawasomi Brooklyn, na kama California wanasoma, hiyo si Torati, hayo ni magazeti."

Kisha akaendelea na karoti. Hakulia. Afadhali angelia.

Kaka, ulipokuwa na miaka tisa ulimdanganya mwalimu kwamba Baba amevunjika mguu, nawe ukakaa siku nzima gatini kuangalia meli. Ulipigwa, nami nikapigwa kwa kunyamaza. Uongo wako mimi naujua tangu ukiwa mdogo, haunitishi. Kilichonichoma ni siku. Kwamba umekaa huko mpaka siku zimekutoka kichwani. Hukukumbuka hata kuuliza mtu. Au huna mtu wa kumuuliza, na hilo ndilo linalonisumbua ninapopiga pasi.

Velvel ameniambia nisiwe mkali, kwamba mtu mwenye sura yake kwenye mabango hawezi kujificha sinagogini. Nimemjibu kwamba anayeweza kufa mbele ya Amerika nzima hashindwi kusimama mbele ya wanaume kumi.

Nenda. Alhamisi au Jumatatu, siku za kazi, watu ni wachache. Usiende kwenye marumaru. Tafuta palipo padogo.

Kuhusu mtoto sina la kuongeza juu ya nililokwisha kukwambia.

Freyda


Boyle Heights
28 Februari 1932

Freyda,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Sasa nitakuambia kila kitu kwa utaratibu, kama kilivyotokea. Ukiona uongo, nirudishie karatasi.

Kwanza risasi. Si baruti tupu. Bwana Haskell kweli anafuga kuku, lakini alikuwa mdunguaji vitani, na anapiga risasi za kweli, kwa sababu kamera inataka kuona ukuta ukimeguka. Utaratibu ni huu: mimi nasimama dirishani, nasema maneno yangu, mwongozaji anaita "Vito!", nami nainama. Haskell anahesabu moja, kisha anapiga pale kichwa changu kilipokuwa. Tumefanya hivyo mwaka na nusu. Sikuwaambia kwa sababu mngefanya nini zaidi ya kukosa usingizi?

Barua yako ilinifikia tarehe tano. Jumanne iliyofuata, ndiyo, Jumanne ya kweli, nilisimama dirishani. Nilikuwa nafikiri juu ya farasi wa Baba. Nikasikia mtu anaita "Vito!" na nikajiuliza huyo Vito ni nani na kwa nini haitikii. Ndivyo nilivyowaza, neno kwa neno. Halafu sikio likawaka moto.

Sehemu ya juu ya sikio la kushoto haipo. Kiasi cha ukucha. Haskell alikaa chini sakafuni akatapika. Mwongozaji akasema, "Imeingia kwenye kamera? Ilikuwa nzuri sana."

Alhamisi nilipanda gari hadi hapa Boyle Heights, mtaa wa Wayahudi, bandeji kichwani. Sikutafuta marumaru. Nikaona mlango katikati ya duka la samaki wa chumvi na la kushona kofia, na mzee amesimama kizingitini anahesabu wapita njia kwa macho. Aliponiona akarudi nyuma hatua mbili.

"Hapa hatuna sanduku la fedha," akasema kwa Kiingereza.

Nikamjibu kwa Kiyidi kwamba sikuja kuiba.

Akasogea kuniangalia uso. "Wewe ni yule jambazi. Mke wangu alilia ulipopigwa kwenye ngazi za benki."

"Ni mimi."

"Na bandeji je? Umetoroka polisi?"

"Nimetoka kazini."

"Na Kiyidi umejifunzia wapi? Gerezani?"

"Kwa mama yangu."

Hapo akanishika mkono wa koti. "Basi ingia, mwana wa mama. Tuko tisa tangu saa moja, bila wa kumi hatuanzi, na Pinkhas ana bawasiri, hawezi kungoja zaidi."

Wazee wanane na fundi viatu mmoja, Freyda. Mimi nilikuwa wa kumi. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyelia. Mzee wa mlangoni, anaitwa Getsl, alinong'ona, "Jina?" Nikamwambia. "Na la baba?" Nikamwambia. Walipoliita, miguu ilinyanyuka kabla sijaiamuru. Nilikosea baraka mahali pawili, pa kuanzia na pa kumalizia, na Pinkhas akanisahihisha kwa hasira. Niliporudi kukaa nilitaka kuomba waliite tena, lakini nikaona haya.

Sasa lililobaki. Getsl hakuweza kunyamaza, ungeweza wewe? Wiki iliyofuata gazeti la Kiyidi la hapa liliandika mistari minne kwamba jambazi wa sinema ni mtoto wa Kotlyar wa Brooklyn na anajua kusali. Mistari minne ikatafsiriwa, ikafika mezani kwa mtu wa matangazo wa studio. Akanikalisha. Akasema, "Vito, tumetumia mwaka mzima kuwaambia watu kuhusu mjomba wako mchonga mawe. Sasa mimi niwaambie nini?" Hakupiga kelele. Mkubwa wa studio alikuwapo, alitazama dirishani. Baba yake alikuwa mnunua matambara mitaa ya Minsk, kila mtu anajua, na hapendi kukumbushwa. Mkataba wangu huongezwa kila miezi sita. Juzi ilikuwa siku ya kuongezwa. Haukuongezwa.

Kuna kampuni ndogo inanitaka kwa siku tatu, "mtu wa pili mlangoni", jina halitaandikwa. Nyumba nimeirudisha. Nimepanga chumba kimoja nyuma ya duka la kofia, maana kila asubuhi wale wazee hawafiki kumi wakinikosa.

Usiseme nije Brooklyn. Niliondoka hapo nikimwambia Mama kwamba nitarudi kwa gari lenye dereva. Nitarudi na uso gani, tena na sikio moja na nusu?

Hujaniambia mtoto yuko hali gani. Barua mbili nimezisoma mpaka zimechanika, na hamna. Kama ni lile ninaloliogopa, liandike tu. Na kama kuna chochote bado mnakihitaji, kiandike pia, nikitume wakati ningali nacho.

Zalmen


Brownsville
6 Machi 1932

Kaka Zalmen,

Mtoto ni mzima. Ana meno mawili na amemng'ata Daktari Margolin.

Sasa kaa chini, maana uliniambia ukweli wako nami nina wangu. Ile barua ya Januari niliiandika Jumapili, naye anaungua, kila neno lilikuwa kweli. Jumatatu alfajiri homa ilishuka. Alinyonya, akalala, akaamka akamcheka Gitl. Barua ilikuwa bado mezani, haina stempu. Niliitazama asubuhi nzima huku namenya viazi. Nikajua ningeweza kuichana na kukuandikia nyingine: mtoto mzima, asante. Ungejibu kwa mzaha, ukaweka sahihi ya Vito, na tungeendelea hivyo mpaka uzeeni. Nikaibandika stempu nikaenda nayo posta mwenyewe.

Ya pili pia. "Sina la kuongeza." Nilikaa na sentensi hiyo muda mrefu kuliko barua nzima. Mama hakujua. Yeye alidhani nimekuandikia kwamba Mzee anakula vizuri. Yeye aliendelea kutaka uitwe, homa au pasipo homa, kwa sababu kwake deni la jina halifutwi na joto kushuka. Mimi ndiye niliyekudanganya, peke yangu, kwa makusudi, nikijua watu wa studio wapo. Sikujua habari ya risasi. Hilo naomba uliamini. Ningelijua, ningeichana barua, ningechana na vidole vyangu.

Sikio lako liko kwenye shingo yangu, na mkataba wako pia. Nakuomba msamaha wa nusu. Nusu nyingine siwezi kuiomba, maana nikirudishwa Jumatatu ile, na viazi vilevile, naogopa nitabandika stempu tena.

Nilimsomea Mama barua yako yote, hata ya risasi. Aliuliza mambo mawili. La kwanza, Pinkhas alikusahihisha wapi. Nikamsomea, akasema, "Hapo hata baba yake alikuwa anakosea." La pili, chumba chako kina jiko au hakina. Kisha akamchukua mtoto mapajani akamwita Alter, kwa mara ya kwanza bila kushusha sauti, akamwambia, "Mjomba wako Zalmen anakuja." Sikumrekebisha, nawe usimrekebishe.

Habari zimefika huku. Bwana Lo Presti aliitoa picha yako ukutani siku mbili. Velvel akamkuta anaitundika upya, akamuuliza kulikoni. "Nimefikiri," akasema. "Yahudi au si Yahudi, anaanguka kama mtu wa kwetu. Na ule ukuta ulibaki na alama ya picha." Anakunyoa bure ukija, amesema mbele ya watu, kwa hiyo hawezi kujitoa.

Unauliza utarudi na uso gani. Huo huo. Hapa hakuna anayengoja dereva. Velvel ana kazi siku nne kwa wiki kwenye karakana ya suruali, mimi nashona tundu za vifungo nyumbani watoto wakilala, Mama macho yanamwisha. Tunalala sita vyumba viwili. Wa saba hatahesabiwa. Na hao wazee wa Boyle Heights nawaonea huruma, lakini waambie watafute wa kumi kwingine. California ina wanaume wengi. Sisi tulikuwa na mmoja, tukamwazima kwa miaka mitatu.

Pasaka yetu inaingia jioni ya tarehe ishirini Aprili. Tangu Baba afe hakuna mtu wa kukaa kichwani mwa meza. Velvel hukaa, lakini huruka kurasa za sala akiona watoto wanasinzia, na Mama hujifanya hajaona.

Umeuliza tunahitaji nini bado. Nimeandika chini, kwa utaratibu, na usiongeze kitu.

Dada yako,
Freyda

Zabibu kavu nyeusi, ratili nne, za Mama kutengenezea divai ya Pasaka. Za huko ni tamu kuliko za hapa.

Lozi ratili moja, zisizokaangwa.

Fulana mbili za sufu za mtoto wa miezi sita, zenye vifungo mbele. Si za kuvutwa kichwani, Mzee ana kichwa kikubwa na hasira.

Koti lako lolote la zamani, nimkatie Itsik.

Kipimo chako cha mguu kwa inchi, upimwe umesimama. Fundi viatu wa chini ana jozi ya mtu aliyehama, anatushikia mpaka mwisho wa mwezi.

Tarehe ya treni, saa inayoingia, na ni kituo kipi kati ya viwili. Uandike kwa mkono wako, si telegramu.